Rubani Aliyemtukana Jaji

Jina la Nani-Nani alilitafuta mwenyewe, asimlaumu mtu. Alipokuwa mdogo, watu wazima wakikaa kupiga soga, yeye alijibanza chini ya meza ya mama yake, fundi cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa, masikio wima. Mtu akisema, "Yule aliyemsema yule wa juzi kapita tena hapa," kichwa kidogo kilichomoza na swali lilelile: "Nani kamsema nani?" Umbea wenyewe haukumhusu. Kilichomnyima raha ni kwamba wenzake wote walikuwa wameshaelewa, wanacheka, na yeye bado anawatafuta wahusika. Alifukuzwa, akarudi. Alifukuzwa tena, akarudi na swali jingine.

Mtoto wa namna hiyo akikua anakuwa karani wa mahakama au mwanaisimu, na mahakamani hawakumwita. Habari ya shahada yake ya kwanza ilipofika nyumbani, baba yake mdogo, kinyozi, aliwaeleza wateja kwa ujasiri wote wa mtu asiyejua anachokisema. "Mwanaisimu ni daktari wa sentensi. Sentensi ikivunjika mguu, anaifunga bendeji. Si kila ukoo una mtu kama huyo. Geuza shingo."

Tusimcheke sana kinyozi, maana hakuwa mbali na ukweli. Kazi ya Nani-Nani ilikuwa kuchungulia akili ya mtu inavyounda maana wakati anasoma. Chukua sentensi inayoanza hivi: kinyozi ambaye fundi cherehani... Hapo simama. Umeshabeba watu wawili, mmoja kila bega, na hujui bado nani kamfanya nini nani. Unangoja neno moja lije likutue mzigo. Nani-Nani alitaka kujua mzigo huo unaelemea wapi, na macho yakielemewa yanakimbilia wapi. Kwa hiyo lilikuwa swali lilelile la chini ya meza, ila sasa lilikuwa na mashine.

Mashine ilikuwa kompyuta yenye kamera ndogo inayofuata mboni ya jicho. Msomaji anaegemeza kidevu kwenye kibao, anatulia tuli, sentensi inatokea kwenye kioo, na kamera inaandika kila mahali jicho lilipotua, liliporuka na liliporudi. Baadaye unaona sentensi ileile imejaa madoa mekundu: jicho likikaa sana mahali, doa linanenepa. Chuo kizima kilikuwa na mashine moja tu ya aina hiyo. Profesa wake alimwazima kwa wiki moja, Jumatatu asubuhi mpaka Ijumaa saa sita mchana, kisha ilikuwa inakwenda kwa watafiti wa chuo kingine na kurudi mwakani. Katika wiki hiyo Nani-Nani alihitaji wasomaji thelathini. Akiwakosa, tasnifu yake ya udaktari ingelala kabatini mwaka mzima, na yeye angerudi kueleza kila mtu mtaani kwa nini daktari wa sentensi bado si daktari.

Wasomaji hakuwataka wa chuoni, watu waliozoea kusoma hata vikaratasi vya ndani ya boksi la dawa. Alitaka watu wa kawaida. Ndiyo maana mashine aliileta nyumbani, akaiweka kwenye chumba cha nyuma mama yake alichotunzia majora ya vitambaa. Mbele kulikuwa na maduka mawili yaliyojengwa na marehemu baba yake, yametenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba: huku cherehani ya mama, kule kiti cha kinyozi. Kwa miaka mingi mashemeji hao wawili walikuwa wakitaniana kupitia mbao hizo kutwa nzima bila kuonana. Mama akishona alisikika akisema, "Shemeji, huyo mteja amelia au umemkata sikio?" Na mbao zikajibu, "Shemeji, kashone. Mimi nywele zikiharibika zinaota. Suruali yako ikiharibika inaota?"

Jumatatu asubuhi mashine ilihitaji kujaribiwa kabla ya wageni kuja, na kinyozi alikuwa ameshajisogeza.

"Watu wa mtaa huu hawawezi kupimwa akili kabla yangu," alisema.

"Baba mdogo, haipimi akili. Na ndugu hawahesabiki, ni ya majaribio tu."

"Majaribio ndiyo yanataka mtu imara."

Akaegemeza kidevu. Mtu aliyeshika vichwa vya wenzake maisha yake yote na kuwaambia watulie, leo aliambiwa yeye atulie, na hakuweza. Alikuna pua, akapiga chafya, akauliza kama kamera inaona ndani ya kichwa. Akamaliza, akatoka kimya. Baada yake aliingia mama, akavua miwani ya kushonea, akavaa ya kusomea, akamaliza, akatoka kimya pia. Nani-Nani, mtoto wa watu, alifurahia kimya kile. Alidhani ni heshima kwa sayansi.

Sasa ngoja niwaambie alichokuwa amekifanya, maana hapa ndipo usomi wake ulipompiga chenga. Sentensi za vitabuni zilikuwa zimemchosha, mara msichana alimwona mvulana, mara mvulana alimwona msichana, mpaka msomaji anasinzia juu ya kibao. Akaona aweke watu wanaofahamika: kinyozi, fundi cherehani, muuza mkaa, mpiga picha, mwenye nyumba. Na kwa kuwa sayansi inataka haki, kila sentensi aliitunga mara mbili. Katika fungu la kwanza fundi cherehani anamsengenya kinyozi. Katika fungu la pili kinyozi anamcheka fundi cherehani. Anayesoma fungu moja haoni la pili. Kila mtu anatenda na kila mtu anatendwa, sawasawa. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi kabisa.

Kinyozi alipewa fungu la kwanza. Mama alipewa la pili.

Jumanne asubuhi ukuta wa mbao ulikuwa umenyamaza. Cherehani ilikuwa inakwenda kwa kasi ya hasira, na upande wa pili redio ilikuwa juu mpaka kioo cha kinyozi kilitetemeka. Nani-Nani alimkuta mama yake ameuma pini mdomoni.

"Mama, kuna nini?"

Mama alitoa pini moja baada ya nyingine. "Hakuna kitu. Muulize baba yako mdogo. Yeye ndiye anayejua kucheka watu."

"Kakucheka?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyeandika? 'Fundi cherehani ambaye kinyozi alimcheka.' Nimeisoma kwa macho yangu haya. Suruali ile moja, mguu mmoja ulizidi kidogo tu, kumbe mtu kaenda kuitangaza mpaka chuoni!"

"Mama, ile ni sentensi tu. Nimeitunga."

"Umeitunga. Na suruali uliitunga?"

"Suruali sikuiandika kabisa!"

"We mtoto," mama alisema, na sauti ikashuka, jambo lililokuwa baya zaidi, "tumekusomesha mpaka umefika huko. Mtu wa kisomo chako anaweza kuweka uongo kwenye kompyuta ya chuo? Umeandika, basi umesikia mahali."

Upande wa pili hali ilikuwa hiyohiyo, na nywele juu. Kinyozi alikuwa amemfunga mteja shuka shingoni na wembe ameusahau hewani.

"Niambie kitu kimoja, binti yangu. Nani alikwambia shemeji ananisengenya?"

"Hakuna mtu, baba mdogo."

"Hakuna mtu, lakini umeandika." Akamsogelea, akanong'ona kwa sauti ambayo mteja, redio na mbao zote ziliisikia: "Mambo ya rangi ya nywele zangu yanajulikana na mtu mmoja tu duniani. Yeye ndiye huninunulia."

Mteja alikohoa ndani ya shuka.

Kufikia saa nne moto ulikuwa umeshasambaa. Wasomaji waliokuja Jumatatu walikuwa wamerudi makwao na habari. Muuza mkaa alisema ameona kwa herufi kubwa kwamba mpiga picha alimsukuma, wakati mpiga picha ni mtu mpole hata picha anaomba radhi kabla ya kupiga. Mpiga picha naye alikuwa na lake: alisoma kwamba muuza mkaa ndiye aliyemsukuma yeye, na alikuwa amekaa nyumbani anajaribu kukumbuka ni lini. Mwenye nyumba wa jirani, aliyekuwa ameahidi kuja na wanawe wakubwa watatu, alituma salamu kwamba mashine inayosema watu hataki iwe na jina lake. Wasomaji wa Jumanne hawakuja. Benchi la kungojea lilikaliwa na paka.

Nani-Nani alijifungia chumba cha nyuma kati ya majora, akafungua rekodi za Jumatatu. Alitaka angalau aone kama waliokwisha kusoma wanafaa. Alitazama sentensi ya kwanza, ya pili, ya kumi, akashika kichwa. Macho ya muuza mkaa yaliruka kila neno na kuanguka kwenye "muuza mkaa", yakaganda hapo, yakatoka kidogo, yakarudi. Ya mpiga picha hivyohivyo. Kila mtu aliingia kwenye sentensi kama anayeangalia picha ya kundi: anajitafuta mwenyewe kwanza, akishajiona hana haja na wengine.

Alimpigia Profesa, mama mwenye sauti ya taratibu asiyewahi kuharakisha neno hata siku moja.

"Shikamoo Profesa. Macho yao hayasomi. Yanajitafuta."

Profesa alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba. Hilo ni jambo zuri sana, ila ni utafiti mwingine. Huu wako umeharibika."

"Nikibadilisha watu kwenye sentensi, nikaweka wasiowahusu?"

"Unaweza. Lakini waliokwisha kusoma hawahesabiki tena. Unaanza upya, na wengine kabisa."

"Nina mpaka Ijumaa."

"Unayo mpaka Ijumaa," alisema Profesa, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake zawadi ndogo kuliko alivyotaka.

Wasomaji thelathini wapya, katika mtaa ambao mashine yake ilikuwa inaogopwa kuliko dispensari. Na watu wawili tu walikuwa na maneno ya kuwatoa wasomaji hao majumbani: mmoja alipitisha vichwa vya wanaume wote chini ya mkono wake, mwingine alijua kiuno cha kila mwanamke. Nao hawakuwa wakisemezana.

Nani-Nani alisimama, akaenda kumshika mama mkono wa kushoto. Akatoka naye, akapita duka la pili, akamshika kinyozi mkono wa kulia, na wembe wake. Akawaingiza chumba cha nyuma, akawaketisha juu ya jora moja kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kukaa.

"Nyinyi wawili mlikuwa majaribio, kwa hiyo naruhusiwa kuwaonyesha kila kitu. Tazameni."

Kwenye kioo ilitokea sentensi ya mama, na madoa mekundu juu yake. Doa moja lilikuwa nene kama kifungo cha koti, limekaa juu ya "fundi cherehani". Lingine nene kama hilo lilikuwa juu ya "alimcheka". Halafu macho yakarudi kwenye "fundi cherehani". Halafu "alimcheka" tena.

"Hayo ni macho yako, mama. Sasa niambie, huku mwisho mbona hakuna doa hata moja?"

"Labda mashine ilizimika."

"Haikuzimika. Hukufika. Isome sasa yote."

Mama alibadilisha miwani. "Fundi cherehani ambaye kinyozi alimcheka... alishinda zawadi ya kwanza." Akasogeza uso karibu na kioo. "Zawadi ya kwanza?"

"Ya kwanza, mama. Nilikupa zawadi, ukaiacha njiani."

Kinyozi aliangua kicheko hadi jora likayumba. "Shemeji! Jicho limeganda kwenye jina lako kama nzi kwenye sukari!"

"Ngoja baba mdogo, kicheko chako kiweke akiba," Nani-Nani alisema, akabonyeza.

Ya kinyozi ilikuwa mbaya zaidi. Doa lake la "kinyozi" lilikuwa limefunika na maneno ya jirani. Mama ndiye aliyeisoma, kwa sauti ya kanisani: "Kinyozi ambaye fundi cherehani alimsengenya... alijenga ghorofa." Akamgeukia. "Una ghorofa, shemeji. Umeipita bila hata kubisha hodi."

Kinyozi alitazama neno hilo la mwisho kwa majonzi ya kweli. "Ghorofa ngapi?"

"Haikuandikwa."

"Tatu," aliamua kinyozi. Kisha akakuna kichwa, pale palipopakwa rangi. "Kwa hiyo hujanisengenya."

"Nani mwenye muda wa nywele zako? Na wewe hujanicheka suruali."

Kinyozi aliukunja wembe wake. "Nilicheka," alisema, "lakini si chuoni. Nilichekea hapahapa, ukutani. Nilidhani umesikia."

Mama alimpiga bega kwa utepe wa kupimia, na mambo yakaisha hapo. Ndiyo uzuri wa mashemeji, wakigombana hawahitaji kikao.

Usiku uleule Nani-Nani aliwafukuza kutoka kwenye sentensi zake watu wote anaowajua. Mahali pao akaweka rubani, jaji, nahodha wa meli, mwanaanga, na mtangazaji wa televisheni, watu ambao mtaa ule haukuwa na hata mmoja wao. Kinyozi aliomba aachiwe nafasi moja tu, hata mwishoni, kwa ajili ya ile ghorofa. Alikataliwa.

Jumatano mapema kazi ilianza. Mama aliwapima wanawake viuno na kuwaelekeza nyuma, "Pita humo dakika chache, mwanangu ana kitu cha kukusomesha, ukitoka nakupa chai." Walikwenda wakicheka, wakatoka wakicheka. Upande wa kinyozi Nani-Nani hakujua mbinu iliyotumika mpaka alipoingia mwanamume mmoja aliyenyolewa upande wa kulia tu. Kushoto nywele zilikuwa zimesimama zote, zinashangaa.

"Karibu. Umekuja kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu kabisa," alisema yule mtu, akijishika upande wa kushoto. "Ila fanya haraka, dada, nina mkutano."

Nani-Nani alipita mbio mlango wa mbele. Kwenye benchi la kinyozi walikuwa wamekaa wengine wawili, mmoja ana nusu ya ndevu.

"Baba mdogo! Huwezi kumshika mtu nywele ili akasome!"

"Sijamshika. Nimepumzika tu. Mkono wangu umechoka, nimemwambia akipita huko nyuma, akirudi nitakuwa nimepata nguvu."

"Mtu lazima aje kwa kupenda, na aweze kuondoka wakati wowote. Ndiyo sheria ya kazi yangu. Huyu anaweza kuondoka hivi alivyo?"

Kinyozi alimtazama mteja wa nusu ndevu. Mteja akamtazama kinyozi. Ilikuwa wazi kwamba hakuweza kwenda popote.

"Wamalizie wote," alisema Nani-Nani. "Na yule wa ndani namrudisha. Wakishapendeza, ndipo uwaambie."

Alirudi nyuma akamtoa yule wa mkutano bila kumsomesha hata neno moja, ingawa moyo ulimuuma, maana alikuwa mtu mzima mwenye macho mazuri na utulivu wa kidevu. Alidhani ndio kwaheri. Baada ya nusu saa mtu yuleyule alirudi, kichwa kimenyolewa pande zote, kinang'aa.

"Mkutano je?"

"Utaningoja. Sasa nimeshindwa kuondoka hapa bila kujua humu ndani kuna nini."

Hivyo ndivyo walivyokuja. Wengine walivutwa na chai, wengine na udadisi, na muuza mkaa, ambaye hakuruhusiwa kusoma tena, alileta dada zake wawili ili wamhakikishie kwamba hayumo. Hakuwemo. Walisoma hadi mwisho wa sentensi, wakarudi nyuma, wakaenda mbele, na Nani-Nani alipochungulia rekodi jioni, aliona kitu kilichomfanya akae chini juu ya jora. Madoa yalikuwa yameacha kujikusanya kwenye jina moja. Yalitembea. Yalifika kwenye kile kitenzi kinachongojewa, yakasita, yakarudi kumtafuta wa kwanza, na kuendelea. Mzigo ulielemea pale alipokuwa amekisia. Isipokuwa kwa nahodha. Kwenye sentensi za nahodha macho yalirudi mapema zaidi, neno moja kabla, na hakujua kwa nini. Alifurahia hilo la nahodha kuliko mengine yote.

Ijumaa saa tano na nusu walikuwa ishirini na tisa.

Mwalimu mstaafu aliyeahidi kuwa wa thelathini alituma ujumbe kwamba amepata mgeni. Mama alitoka barazani, akatazama barabara kulia na kushoto kama anayesubiri mvua. Kila aliyepita alikuwa amekwisha kusoma, au ni ndugu, au ni mtoto wa shule. Kinyozi alikuwa na mteja mmoja tu, naye alikuwa mpiga picha.

Saa sita kasoro gari la chuo lilisimama mlangoni. Akashuka dereva, mtu mnene mchangamfu, na hati ya kupokea mashine. "Nimefika, dada. Profesa kasema saa sita, na leo njia ilikuwa nyeupe."

Nani-Nani alikuwa ameshaweka mkono kwenye waya wa umeme. Akauacha.

"Kaka, wewe umewahi kuegemeza kidevu kwenye mashine hii?"

"Mimi? Naibeba tu kila mwaka, hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Ungependa? Kwa hiari. Ukikataa, naifunga mashine sasa hivi, hakuna ubaya."

Dereva alitazama saa yake, akatazama mashine aliyoibeba miaka yote, akavua kofia. "Kwani nina haraka gani? Nimewahi."

Kinyozi alizima redio. Mama alisimamisha cherehani. Ukuta wa mbao ulikuwa na sikio kila upande mpaka mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Dereva alitoka akijifuta kidevu, uso umekunjamana kwa mawazo.

"Samahani," alisema, "huyu rubani aliyemtukana jaji. Walimfanya nini?"

"Rubani hakumtukana jaji!" alipaza sauti mpiga picha kutoka kwenye kiti cha kinyozi, povu shavuni. "Dada za muuza mkaa wamesoma, jaji ndiye aliyemtukana rubani."

"Nimesoma mwenyewe sasa hivi!"

"Na jaji ana elimu yake, anaweza kutukana?" mama aliuliza kupitia mbao.

"Shemeji, hao ndio wanaotukana vizuri," mbao zilijibu.

Huko nyuma, kati ya majora, Nani-Nani alikuwa anafungua rekodi ya mtu wa thelathini kabla ya kuchomoa waya. Aliwasikia wote wakibishana, mtaa mzima, kuhusu watu wawili ambao hawakuwahi kuzaliwa. Angeweza kutoka akawaeleza. Badala yake alichomoza kichwa mlangoni, kama zamani.

"Ehe," alisema. "Nani kamtukana nani?"